Mlevi Anayetaka Kutubu: Alaumiwe au Atibiwe?

Twataka kuwaeleza ndugu zetu jambo ambalo tumelinyamazia muda mrefu kwa kuona haya. Lau si kukaribia kwa mwezi wa Ramadhani, na kuijua kwetu ada ya watu wetu katika siku za mwisho za Shaabani, huenda tungaliendelea kunyamaza. Lakini kunyamaza kwa mtu aonaye shimo, na ilhali wenziwe waelekea kutumbukia, si adabu, ni khiyana.

Suala lenyewe ni hili: mtu aliyezoea kileo hata ikawa hawezi kukaa siku moja bila ya kukinywa, je, ni mwenye dhambi anayestahiki kulaumiwa, au ni mgonjwa anayestahiki kutibiwa? Wengi wetu wana jibu tayari. Husema: "Pombe ni haramu, yeye ameinywa kwa mkono wake, na aiache kwa mkono wake. Akitaka ataweza." Na sisi pia tulikuwa na jibu hilo hilo, tukilisema juu ya mimbari na tukilisema barazani. Jibu hilo lilitushinda Kisii.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Shaabani, tulialikwa na ndugu zetu Waislamu wa mji wa Kisii tukawasomeshe darsa. Asiyeifika nchi ile na ajue kwamba ni nchi ya juu, yenye baridi na mvua nyingi, yenye migomba kila upande, na ukielekea Nyamira waona mashamba ya chai yamefunika vilima kama zulia. Watu wake ni wengi na ardhi ni chache. Katika hisabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti mbili hizo za Kisii na Nyamira zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 na laki 8, na katika Kisii kila kilomita mraba moja ilikuwa na watu zaidi ya 900. Baba aliyerithi shamba huwagawia wanawe vipande, na wana nao huwagawia wajukuu vipande vya vipande, hata mtu akabaki na ardhi isiyomtosha kulima wala kumtosha kujivunia. Kijana asiye na shamba wala kazi ana mchana mrefu sana, na mchana mrefu una wauzaji wake.

Wazee wa Kigusii walitueleza kwamba zamani pombe yao ilikuwa ya wimbi, na ilikuwa na wenyewe na wakati wake. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kijana hakuwa na nafasi hapo. Hatusemi kwamba hiyo ilikuwa halali. Kileo ni kileo kikinywewa kwa mrija au kwa kikombe. Twasema tu kwamba ilikuwa na mpaka. Kisha ikaja chang'aa, pombe ya kukenekwa kwa moto, yenye nguvu mara nyingi kuliko ile ya mtungi, inayouzwa kwa kikombe kwa kila mwenye senti, mzee na kijana, asubuhi na usiku. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na haikwisha. Mwaka 2010 ikatungwa sheria nyingine ya kuiruhusu kwa leseni na masharti, na ile ya magendo bado haikwisha.

Wala tusinyooshe kidole kuwaelekea Wagusii peke yao. Pombe hiyo kali ilipoenea Nairobi zamani za Waingereza, ilipewa jina la Wanubi wa Kibera, nao ni Waislamu wenzetu. Wakoloni waliwatumia katika jeshi, kisha wakawaacha katika ardhi isiyokuwa na hati, na baadhi yao wakatafuta riziki katika pipa la kukeneka. Dhiki yaeleza sababu ya jambo, lakini haigeuzi hukumu yake. Twalitaja hili ili asije Muislamu akadhani kuwa maradhi haya ni ya watu wengine.

Basi tulipokuwa Kisii, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, alitujia kijana wa pwani, umri wake miaka thelathini na kitu, dereva wa lori la kuchukulia majani ya chai. Alilia mbele yetu. Alisema kwamba kwa miaka saba hakupata kupambazukiwa bila ya chang'aa. Kwamba mikono yake haikuweza kushika usukani mpaka apate kikombe cha kwanza. Na kwamba amechoka, naye ataka kuingia Ramadhani akiwa safi. Tulifurahi furaha kubwa. Tukamwambia: "Mwanangu, Mwenyezi Mungu amekuongoa. Mwaga yote usiku huu, usibakishe hata tone." Akaenda akamwaga.

Siku ya kwanza alitetemeka, akatoka jasho, akatapika. Tukasema: ni uchafu watoka. Usiku wa pili alianguka kifafa, naye hakuwa na kifafa katika maisha yake. Tukaingia khofu, lakini alipozinduka tukamshukuru Mola. Siku ya tatu alianza kuona siafu ukutani pasipokuwa na siafu, akamwita mama yake aliyekwisha kufa, akawa aruka kuuendea mlango. Watu wakasema: amepandwa na jini. Nasi tukasadiki. Tulimsomea, na sisi ndio tuliosema kwamba mlango ufungwe asije akatoka akaenda kunywa. Alfajiri ya siku ya nne mwili wake ulikuwa wa moto kama chungu kilichopo jikoni, na moyo ukimwenda mbio. Hapo ndipo tulipomchukua hospitali. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa Kigusii, Mkristo. Hakutukaripia. Alituuliza tu: "Mzee, mlijua kwamba alikuwa akinywa kila siku? Mbona hamkumleta siku ya kwanza?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesoma vitabu vingi, na hakuna hata kimoja kati yake tulichoweza kukishika mkononi saa ile kikatuokoa na swali hilo.

Kisha alitueleza kwa upole, na haya ndiyo tuliyoyafahamu kwake na kwa madaktari wengine tuliowauliza baadaye. Kileo hupooza kazi ya ubongo. Ubongo, kwa vile Muumba aliuumba ujitunze, hujitahidi kuamka zaidi ili ushindane na kile kinachoulaza. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, mambo hayo mawili huwa kama watu wawili wanaovutana kamba kwa nguvu sawa. Mmoja akiiachia kamba ghafula, wa pili huanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Kileo kikiondoka kwa mara moja, ubongo hubaki umeamka mno. Katika saa za mwanzo huja mtetemo, jasho na kutapika; ndani ya siku mbili huweza kuja kifafa; na kiasi cha siku ya pili hadi ya nne huja kuweweseka, kuona yasiyokuwapo, homa, na moyo kwenda mbio. Hali hii ya mwisho huua ikiachwa bila ya tiba. Si kila mnywaji hufikia hapo, lakini aliyezoea kunywa tangu asubuhi, au aliyewahi kupata kifafa alipoacha, yu katika khatari kubwa.

Na tiba yake ipo. Hospitali humpa mgonjwa dawa ya kuutuliza ubongo, kama vile diazepamu, kisha huipunguza siku baada ya siku mpaka aihitaji tena. La, twasema mpaka asiihitaji tena. Humpa na vitamini B1, kwa sababu mlevi hula kidogo, na pombe humzuia kuipata vitamini hiyo mwilini. Na aikosaye huweza kuharibika macho, mwendo na kumbukumbu, hata asiweze kukumbuka la jana. Dawa hizi si ghali wala si ngeni. Zilikuwapo katika hospitali ile ile, mwendo wa dakika chache kutoka katika chumba tulichokifunga.

Huo ndio msiba wa kuacha ghafula. Ama msiba wa kuendelea ni mkubwa zaidi, na inafaa tuutaje kwa ufupi. Ini ndilo linalobeba kazi ya kuisafisha damu na kileo. Huanza kujaa mafuta, kisha huvimba, kisha hufanya makovu na kuwa gumu. Hapo tumbo hujaa maji, macho huwa manjano, na mishipa ya umio hupasuka mtu akatapika damu. Kongosho huungua, na msuli wa moyo hulegea. Mama mja mzito anywapo, humnywesha na mtoto aliye tumboni, akazaliwa na upungufu wa akili na mwili usioondoka. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka pombe katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa yakini: ya kinywa, ya koo, ya umio, ya ini, na nyinginezo. Katika kaunti ya Bomet, inayopakana na Nyamira, hospitali ya Tenwek imejulikana kwa wingi wa wagonjwa wa saratani ya umio. Sababu zake huko ni zaidi ya moja, lakini kileo hakitoki katika hisabu. Na Shirika hilo limehisabu kwamba katika mwaka 2019 pombe iliwaua watu milioni 2 na laki 6 duniani.

Juu ya hayo kuna sumu ya methanoli, ambayo wauzaji wasiomcha Mungu huitia katika pombe ya magendo ili wapate faida. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho, kisha humuua mtu mwenyewe. Mwaka 2000 iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Mwaka 2014 iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwamo, na wengine wakapofuka. Na mwaka 2024 iliua tena Kirinyaga. Kila mara watu hulia, wauzaji hukamatwa, na baada ya muda vikombe hurudi.

Sasa turudi katika suala letu. Huenda mtu akasema: "Ukimwita mlevi mgonjwa, umemwondolea dhambi, na umewafungulia watu mlango." Twamjibu: la. Aliyejitupa baharini kwa kutaka kwake mwenyewe, kujitupa ni kosa lake, naye ataulizwa. Lakini akisha kuwa majini, naye hajui kuogelea, kufika ufukweni hakumo tena katika uwezo wake peke yake. Je, walio ufukweni watamtupia kamba, au watasimama wamhubirie juu ya ubaya wa kujitupa? Kikombe cha kwanza ni cha khiyari. Kikombe cha elfu kina khiyari ndogo sana ndani yake. Na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Basi mlevi ataulizwa kwa kujitupa, na ataulizwa pia kwa kukataa kuishika kamba alipotupiwa. Nasi je, tutaulizwa nini? Tutaulizwa juu ya kamba. Dhambi na maradhi si vitu viwili vinavyofukuzana. Huweza kukaa katika mwili mmoja, na kila kimoja kina dawa yake. Dawa ya dhambi ni toba. Dawa ya ubongo uliozoea kileo iko kwa daktari. Tulimpa kijana yule dawa moja, tukamnyima ya pili, na tukadhani tumemaliza.

Wala hili si jambo jipya katika dini yetu. Kila aliyesoma ajua kwamba kileo hakikukatazwa kwa siku moja. Kwanza ilibainishwa, katika Sura ya Al-Baqara, kwamba madhara yake yapita manufaa yake. Kisha, katika Sura ya An-Nisaa, watu wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Kisha, katika Sura ya Al-Maida, kikaharimishwa moja kwa moja. Aliyewaumba watu alijua namna ya kuwaachisha walilolizoea. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa khabari ya sahaba mmoja aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akapigwa kwa mujibu wa sheria. Mtu mmoja akamlaani. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tazameni, ndugu zetu: adhabu haikuondolewa, na heshima ya mtu haikuondolewa. Sisi leo twafanya kinyume: adhabu hatuna, lakini laana tunayo tele.

Huenda akasema mwingine: "Basi mwaruhusu mlevi aendelee kunywa kidogo kidogo mpaka aache?" Twasema: haramu haijawa halali. Maulamaa wetu wa Kishafii wamemruhusu aliyekabwa na tonge, naye hana kitu kingine, kuliteremsha kwa mvinyo ili asife. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hawakuruhusu mvinyo mtupu ufanywe dawa. Katika suala letu dawa iliyo halali ipo, na hospitali zipo. Basi kabla ya kuuliza ni nini kinachomjuzia mlevi aliye mbali na tiba, na tujiulize ni kwa nini yu mbali na tiba. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, jirani hukopa gari. Anayeacha kileo na achukuliwe vivyo hivyo. Kumfikisha ni faradhi ya kutoshelezana: akiifanya mmoja, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Na lau mtu atakwama mahali pasipokuwa na njia, na daktari mwaminifu amesema kwamba kuacha ghafula kutamuua, hapo kanuni ya dharura yajulikana, nayo hupimwa kwa kadiri ya haja na wakati wake, haipiti hapo.

Sasa twaja kwetu pwani. Tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya bara. Katika uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 3 nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 65, walikutwa kuwa ni wanywaji wa pombe, na Pwani ilikuwa ya pili baada ya Magharibi. Mangwe za mnazi twazijua zilipo. Na twaijua ada ya vunja jungu, ambayo asili yake ni watu kula pamoja kabla ya kufunga, na ambayo baadhi ya vijana wetu wameigeuza kuwa siku ya kunywa kwa pupa, kisha usiku wa mwezi kuandama huacha kwa mara moja. Kwa asiyezoea, huo ni upuuzi na maasia. Kwa aliyezoea kila siku, kuacha namna hiyo huweza kuwa ndiko kufa kwake. Kisha saumu ikiongezwa juu ya mwili uliokauka kwa kutapika na kutoka jasho, khatari huzidi. Mgonjwa kama huyo ana rukhsa ya mgonjwa. Atakula, atatibiwa, na atalipa baadaye.

Basi nasaha zetu ni hizi. Anayetaka kuacha na asingojee mwezi uandame. Aanze sasa, na aanzie kwa daktari, aseme kweli kiasi anachokunywa. Jamaa zake wasimfiche kwa kuona aibu, kwani aibu ya hospitali ni ya saa moja. Akitetemeka, akianguka kifafa au akiweweseka, na apelekwe saa ile ile. Kumsomea ni kheri, na akasomewe njiani. Anayedhani kwamba hana haja ya kusali siku arubaini kwa sababu amekunywa, hakufahamu: faradhi ya sala haikumwondokea, na kuiacha ni kosa la pili juu ya la kwanza. Na sisi wenye mimbari, tukimwambia mtu aache, tumwambie na namna ya kuacha.

Mama wa kijana yule alikuwa amekwisha tangulia. Alibaki ndugu yake mmoja wa kike, mjini Mombasa. Tulikwenda kwake tukamweleza yote kama tulivyowaeleza hapa, hatukuficha sehemu ya mlango. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Alikufa ametubu?" Tukamwambia: naam, alikufa ametubu. Akasema: "Basi yeye amepona. Waangalieni waliobaki."

Kwa sababu ya neno hilo tumeandika. Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe tulilolifanya kwa ujinga, na atupe wepesi wa kuwatupia kamba walio majini. Amin.